Seleyian Kuntai, Mwanatakwimu Asiyetulia Mezani

Marehemu dada yetu Seleyian Kuntai alizaliwa Bisil tarehe 14 Machi 1988, mtoto wa tatu wa Mzee Gideon Kuntai na Mama Nailantei.

Alisomea shule ya msingi Bisil, sekondari Kajiado, na mwaka 2011 akahitimu shahada ya takwimu jijini Nairobi. Walimu walimkumbuka akifanya hesabu amesimama.

Mwaka 2013, akiishi Kitengela, alijiunga na jumuiya ya watu wanaotafuta, kwa ushahidi, njia ya kuwafaa wanadamu wengi iwezekanavyo. Alikokotoa jinsi dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ingeokoa watoto, akaandika hata juu ya magonjwa ambayo hayajazuka. Siku moja mama yake alimwuliza, "Hao watoto wako wa kompyuta, kuna hata mmoja unamjua jina?" Januari 2019 aliacha meza, akarudi Bisil kufunga mitungi ya dawa kwenye visima na matangi ya maji.

Huko nako hakutulia. Ukame wa 2022 ulipozidi, familia zilihama na mifugo, mitungi ikabaki imejaa. Jirani, Mama Cindy, alimzika njiani bintiye aliyekufa kwa kuhara. Seleyian alimpigia simu kaka yake Emmanuel akilia: "Ni hesabu yangu ilisema watu hukaa mahali pamoja!" Alirudi mezani, akaiandika upya ripoti yote ya dawa ya maji. Leo familia zinazohama huondoka na chupa ndogo za dawa.

Tangu hapo aligawa wiki: siku tatu Kitengela, tatu Bisil. Akiwa mezani alisema anawaibia walio kisimani. Akiwa kisimani, anawaibia wale ambao hajawaona.

Alifunga ndoa na Kiama Githongo tarehe 12 Desemba 2015, Kitengela. Kabla ya kiapo alimwuliza mchungaji kama tangi la kanisa lilikuwa na dawa. Mungu aliwajalia mabinti wawili.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani. Alitibiwa Nairobi, akaendelea kusahihisha ripoti kitandani hadi Kiama alipoificha kompyuta. Alituaga nyumbani Kitengela asubuhi ya tarehe 3 Mei 2025, akiwa na miaka 37.

Ameacha mume wake Kiama, mabinti Wacuka na Sheryl, wazazi wake, kaka yake Emmanuel na dada yake Zipporah.

Dada, kila tulipokuambia upumzike ulituuliza, "Na nani atafanya?" Tutafanya sisi. Sasa pumzika, kwa amani ya Bwana.