Namba Moja ya Simu, Wasichana Arobaini na Mmoja

Ndugu, majirani, na ninyi wasichana mliojazana mlangoni, familia imenichagua nisome historia ya mama yetu kwa kuwa nina sauti na sina aibu, basi tulieni.

Marehemu Jucineide Tavares Bezerra alizaliwa tarehe 9 Juni 1964 mjini Arcoverde, akiwa wa tatu kati ya watoto saba, akaandikishwa kuwa mvulana, kosa la karani lililomchukua miaka hamsini na minne kulisahihisha. Alisoma hukohuko hadi darasa la tano, akafukuzwa mwaka 1976 kwa kukataa kunyolewa, rekodi niliyokuja kuivunja mimi kwa kuishia la nne, na bado hakuna hapa anayenishinda kusoma.

Mwaka 1981 alihamia Recife, akaosha vichwa vya watu, hadi akafungua saluni yake mtaani Afogados tarehe 2 Mei 1987. Mwaka uliofuata, jikoni kwa rafiki, alidungwa nyongani silikoni ya viwandani, ile ya kung'arishia matairi, akapata umbo lililomfanya Mzee Ademir, fundi friji, asahau nyumbani kwao. Walianza kuishi pamoja mwaka 1995, wakafunga ndoa tarehe 19 Oktoba 2018, cheti chake cha kuzaliwa kilipokubali kumwita mwanamke. Hakuzaa, bali mwaka 2001 alinichukua mimi, mtoto wa kaka yake, nikiwa na miaka mitatu, na kunilea mimi ni sawa na kulea wanne.

Mwaka 2009 aliingia kwenye foleni ya upasuaji wa kubadili jinsia katika hospitali ya serikali, akapasuliwa mwaka 2014, na tangu hapo saluni ikawa darasa lenu, ninyi wasichana mlioandikishwa wavulana kama yeye. Alisema hadi mate yakamkauka kwamba vidonge vya homoni mara mbili havileti matiti mara mbili, vinaleta damu kuganda, kwamba damu ipimwe kwanza, sigara iachwe, kila karatasi itolewe kopi, na asibadilishe mtu namba ya simu, maana hospitali hupiga mara mbili tu, usipopokea unarudi mkiani. Ninyi mkabadilisha laini kama kucha. Kwa kuchoka, akawaandikisha hospitalini nyote arobaini na mmoja kwa namba yake. Nilimwambia, "Mama, siku ukiugua je?" Akanijibu, "Nyamaza, shika draya."

Aliugua. Silikoni ile ilishuka miguuni, ngozi ikaoza, na tarehe 4 Agosti 2019 akalazwa, simu ikabaki kwenye droo ya saluni bila chaji siku kumi na moja. Jana, Alhamisi tarehe 15, saa tatu asubuhi, alifariki, daktari akaandika sumu kwenye damu. Nilipoiwasha simu nikakuta dada Samylla, mmoja wenu, ametafutwa mara mbili na daktari wa homoni, baada ya kungoja miaka miwili na miezi saba. Nikamweleza, akasema, "Foleni basi, mdogo wangu. Kesho tukishazika nakwenda jikoni kwa Tânia anayedunga silikoni, natoka na nyonga zangu siku hiyohiyo." Nyonga zipi? Hizi zilizomo ndani ya jeneza?

Nilirudi hospitali, nikashuka na cheti cha kifo hadi dirisha la miadi. Karani akasema, "Kijana, namba ya mgonjwa ni hii, tumeipiga mara mbili." Nikamwambia, "Mwenye namba ndiye huyu kwenye cheti, amekufa, yuko juu, kampigie." Akanitazama, akafungua kitabu, akampa Samylla Jumatatu tarehe 2 Septemba, saa moja na nusu asubuhi, kwa sharti athibitishe mwenyewe kwa simu leo kabla ya saa kumi jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, yule karani, wateja wa saluni, na majirani waliopika kuskuzi ya unga wa mahindi bila kuombwa. Mama, umesema vya kutosha, pumzika kwa amani.

Sasa ni saa tisa na dakika ishirini. Wabeba jeneza wakae, hatuondoki bado. Dada Samylla, acha kujificha nyuma ya Mzee Ademir, njoo hapa mbele. Simu ya Mama hii hapa, nimeshapiga dirisha la miadi. Inaita.