Mgomba Ambao Dominika Hakukubali Uzikwe

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi tena, Bibi Magdalena. Moshi nzima hakuna anayewajua marehemu kuliko mimi. Sijawahi kukosea hata mmoja. Basi, mmoja tu. Mwaka jana nilimtangaza mzee wa Shirimatunda, naye akapiga simu hapa hapa studio kuuliza mazishi ni saa ngapi, asichelewe.

Leo sikosei. Leo tunamkumbuka Mama Dominika wa Mwika. Dominika, mkulima wa kahawa na ndizi. Dominika, mama wa mtoto mmoja, Violet. Ametutoka Jumatatu iliyopita akiwa na miaka sitini na nane. Alimsubiri mumewe, Sirili, kwa miaka ishirini na moja. Narudia kwa walioko jikoni: miaka ishirini na moja.

Sirili aliondoka asubuhi kwenda Tarakea kuuza maharage. Dominika alimwambia asichelewe, mtori uko jikoni. Mtori ukapoa. Jioni gari lilirudi na watu wengine. Wapo waliosema alivuka mpaka akaingia Kenya. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua. Au ndivyo tulivyoambiwa.

Mimi mwenyewe sikumwamini Dominika, nisiwafiche. Kila Jumamosi alikwenda Tarakea na mkungu mmoja wa ndizi. Mkungu mmoja! Nani anasafiri mbali hivyo kwa mkungu mmoja? Nikajua tu, huyu ni magendo ya sukari. Au ana mwanaume. Siku moja nikapanda gari lile lile alilopanda, nikajidai nakwenda kununua maharage. Nikamfuata kwa nyuma. Alikwenda moja kwa moja penye malori. Akasimama kwa kila dereva, mmoja mmoja. "Baba, huko utokako hujakutana na mtu mrefu, ana pengo hapa mbele?" Alipomaliza malori yote akanunua chumvi, akageuka.

"Magdalena," akasema, "na hayo maharage yako umeyaweka wapi?"

Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Sasa sikilizeni habari ya Melkior. Huyu ni mdogo wake Sirili, kihamba chake, shamba la urithi wa ukoo, kinapakana na cha Dominika. Yeye tangu mwaka wa kwanza alisema kaka yake amekufa. Ukimuuliza amejuaje, anajibu, "Sijamwona wala sijasikia habari zake tangu siku ile. Naapa. Angekuwa hai angerudi." Nikamtazama. Mtu akifiwa na ndugu hulia kwanza. Huyu alianza kupima mpaka kwa hatua.

Ukoo wao una desturi. Mtu akipotea miaka mingi, wanakata mgomba, wanauvika shuka, wanauzika mahali pake. Mgomba ukishazikwa, mke ni mjane. Na kwa kuwa Violet ni binti, kihamba kingekwenda kwa Melkior. Ndiyo hesabu yake ilivyokuwa.

Mwaka wa tisa wakaja. Shimo limechimbwa, mgomba umekatwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeiva kwenye mapipa. Dominika alitoka jikoni na kanga yake ya kazi. Hakupiga kelele. Alikwenda akaukalia ule mgomba.

"Shemeji, ondoka hapo," Melkior akamwambia. "Unamkalia mumeo."

"Kama ni mume wangu, mnasumbuka nini nikimkalia?"

Watu wakacheka, hata mzee wa ukoo. Dominika akasema, "Nimemwomba Mungu anijulishe Sirili yuko wapi. Hajanijibu. Akinijibu kwamba amekufa, nitachimba mwenyewe. Ninyi mna haraka ya nani?"

Alikaa pale mpaka jua likaelekea kuzama. Mbege hailazwi siku nyingi, mnajua. Wazee wakaanza kuinywa, na walipomaliza hakuna aliyeweza kushika jembe. Mimi nilikunywa kata mbili. Tatu.

Msidhani alikuwa malaika. Violet ameniambia jambo ambalo mama yake hakupenda lijulikane. "Kuna mwaka kahawa ilikauka, na Mama akanyamaza kanisani mwezi mzima. Haimbi, hasali. Nikamuuliza kwa nini basi anakwenda. Akasema, 'Nakwenda ili Mungu anione nimenuna.'"

Mwezi ulipoisha akashika rozari yake tena. Nilimuuliza, "Dominika, hujamwekea Mungu hata mwisho?" Akanicheka. "Nikimpa Mungu tarehe, si nitakuwa namsimamia kama kibarua? Mimi naomba. Siku ni zake."

Sikulielewa vizuri neno lile. Nilifikiri kungoja ni kukaa. Yeye alipalilia, akavuna, akamsomesha Violet mpaka akawa muuguzi, na Jumamosi akaenda Tarakea. Aliacha kwenda miezi miwili tu kabla ya kifo, miguu ilipovimba. Amezikwa Alhamisi kihambani kwake. Kihambani kwake, nasema.

Violet, mwanangu, pole sana. Poleni wana Mwika, poleni jumuiya yake, poleni kina mama wa soko la Tarakea. Bwana ampe pumziko. Nawe msikilizaji unayengoja jambo, mtoto, kazi, au mtu wako, jiulize leo: unamngoja Mungu, au unamchungulia kama mimi nilivyomchungulia Dominika?

Ningeishia hapo. Lakini juzi, siku ya pili baada ya mazishi, nilikwenda pale msibani na kinasa sauti changu. Nikamkuta Melkior amekaa kwenye kiti cha mbele, tai shingoni. Nikamuuliza habari za kaka yake. Akasema yale yale: hajamwona, hajasikia habari zake, tena anaapa.

"Sawa," nikasema. "Lakini tuseme yu hai. Asingekuja kumzika mkewe?"

"Dada Magdalena, nawe!" akajibu upesi, amekasirika. "Angepandaje mlima wote huu na mguu mmoja?"

Violet alikuwa anamimina chai. Akaliweka birika chini, polepole.

"Baba mdogo," akasema, "baba yangu aliondoka hapa na miguu miwili."