Dkt. Wilhelmina Haule na Mbuzi wa Kuazima

Dkt. Wilhelmina Haule anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa mifugo hapa Kibiti kwa miaka ishirini na minane. Sisi tulioingia juzi tu kutoka shuleni tulimkuta bado anawahi zizini kabla ya wote.

Alitokea Songea akiwa daktari wa mifugo kijana. Baadaye akapewa utafiti ambao wengi waliona haya hata kuutaja: dawa ya kuzuia uzazi kwa dume. Sindano ya kwanza huziba mirija ya mbegu, ya pili huizibua, na mnyama akazalisha tena. Ikithibitika salama kwa wanyama, huenda siku moja ikajaribiwa kwa wanaume. Yeye husema wanawake wamebeba peke yao mzigo wa kupanga uzazi kwa muda mrefu mno.

Mbuzi wa majaribio aliwaazima kwa wafugaji wa Chumbi, akiahidi kuwarudisha wakiwa wazima. Wote walirudi wakazalisha, isipokuwa Diwani, beberu wa Bi Tabu. Msimu mzima majike ya Bi Tabu hayakushika mimba. Kila akimwona Daktari gulioni, alimuuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Daktari wee, Diwani wangu yuko likizo gani hii isiyokwisha?" Watu walicheka, naye akacheka nao.

Kuna walioshauri iandikwe tu kwamba Diwani alikuwa amezeeka. Alikataa. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema dawa yake imeshindwa, akamlipa Bi Tabu beberu aliyemfuga yeye mwenyewe nyumbani. Wengi walidhani utafiti umeishia hapo.

Wiki iliyofuata Bi Tabu alifika kituoni akivuta beberu mwingine kwa kamba. "Mchukue na huyu," alisema. "Ukikosea tena, najua utaniambia."

Huyo ndiye aliyepewa dawa iliyoboreshwa. Alirudi Chumbi, na masika yaliyofuata wakazaliwa mapacha.

Mama Haule, asante kwa kutufundisha kuandika hata majaribio yaliyoshindwa. Bi Tabu ametuma salamu kwamba atakuja kwenye sherehe na jike lenye mimba, la kuanzia zizi lako jipya kule Bungu. Upate afya na mapumziko uliyoyatolea jasho. Na jike likizaa salama, tafadhali utujulishe.