Uwanja wa Kessling Ulimwe

Sogeeni, Norbert na Hedwig, mfunge na mlango, maana pumzi niliyonayo ni ya kusema mara moja tu. Nyumba hii ni ya Norbert. Uwanja wa Kessling, ule wa mpira, ni wa Hedwig. Na wewe Norbert usinitolee macho, najua umeshamwahidi mzee Haskell Dorr kwamba nikifa uwanja huo utaitwa kwa jina lake, eti ndiye aliyeuletea mji wetu timu ya kulipwa.

Timu gani? Ya misimu miwili! Vijana wa tanuri la chuma walikimbia na mpira mikononi, wakigongana mabega na kuangushana kila Jumapili, na walipopungua, Dorr, meneja wao, alichukua wanafunzi wa chuo. Chuo kilimfukuza yeyote aliyecheza kwa malipo, kwa hiyo akawabandika majina ya uongo. Baba yenu mdogo Lorenz akawa Joe Brown.

Novemba ya msimu wa pili wanaume wanne walimwangukia, shingo ikavunjika mbele ya macho yangu. Nikaruka uzio nikipiga kelele, "Huyo Lorenz, mdogo wangu!" Dorr akanikaba kola: "Nyamaza, dogo. Aliyekufa ni Joe Brown, na Joe Brown hana kwao." Nikamtandika ngumi, wakanitupa nje. Wakamzika kwenye kona ya wasio na ndugu, na mama alipokwenda kumlilia Dorr aseme kweli, akajibiwa, "Mama, mwanao yuko chuoni, anasoma."

Timu ikafa kabla theluji haijayeyuka. Jiwe la kaburi linasema Brown mpaka leo, na juzi, kwenye kiti hicho hicho ulichokalia, Hedwig, nilimwomba tena Dorr alitaje jina la Lorenz, akacheka: "Otto, wee! Bado tu?"

Usiniambie ni mambo ya zamani, Norbert. Nyamaza.

Hedwig, sikiliza. Siku ya kunizika Dorr atakuja, kofia mkononi. Akisema mbele ya watu wote kwamba aliyekufa pale ni Lorenz, mpe uwanja, auite atakavyo. Asiposema, washa trekta siku hiyo hiyo, anzia chini ya milingoti ya goli, naye atazame. Akilia, usizime.

Maji... basi, acha.

Mungu akutunze, Hedwig, akupe... akupe mavuno. Norbert, lete mkono nikubariki. Si huo uliompa Dorr. Huo mwingine.