Silinda Isiyochoma

Basi lilipotoka Kongowea, injini ilianza kukohoa hata viti vikatikisika. Bi Mishi, mjane wa aliyekuwa dereva wa basi hilo, alifumba macho akaisikiliza.

"Silinda moja haichomi mafuta," akasema abiria wa kando yake, fundi Jamaludin, ingawa hakuna aliyemwuliza. "Injini ikinguruma, legeza nati za mabomba ya dizeli moja baada ya moja. Ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki, silinda yake ndiyo iliyokufa."

"Kwetu alipoondoka mmoja, nyumba nzima ilibadilika mlio," akajibu Bi Mishi. "Marehemu aliliendesha hivi hivi. Nilikuwa nikikisikia kikohozi hiki njiani, napakua wali. Hata leo likipita, mkono huenda kwenye upawa."

"Pole, mamangu. Lakini likiachwa hivi, litaharibika kabisa."

"Na likitengenezwa, mwanangu, nitalijua kwa lipi?"



Dereva mpya akageuka. "Fundi, kesho nikuletee gari ulitazame?"

Jamaludin akamtazama Bi Mishi. Basi likasimama Bamburi, na dereva akazima injini; kikohozi kikakoma.