Kiti cha Mbele cha Rosebellah Nasimiyu

Marehemu Rosebellah Nasimiyu alizaliwa tarehe 14 Machi 1975 hapa Kimilili, akiwa kifungua mimba wa Mama Serah Nafula na marehemu Mzee Josphat Wekesa. Mimi ni Magdaline, mdogo wake, na niwaambie mapema: dada yangu hakujua kutulia. Tangu alipojifunza kutembea, hakuna aliyemkamata.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari Webuye. Huko, mwaka 1992, alichaguliwa kuigiza katika tamasha la shule, na nafasi aliyopewa, jamani, ilikuwa ya maiti. Mama aliposikia kwamba binti yake atalala jukwaani amefunikwa shuka, alishika kichwa. "Anayejilaza kama maiti anaita kifo," alisema. "Mimi siji kutazama, wala sitakuja kukutazama kamwe." Rose alimwekea kiti mbele hata hivyo. Kilibaki kitupu.

Mwaka 1994 alijiunga na kikundi cha Nairobi kilichozunguka shuleni kikiigiza vitabu vya mtihani. Leo Kakamega, kesho Machakos, na katika kila ukumbi alitenga kiti kimoja cha mbele. Mwaka 1998 alicheza filamu yake ya kwanza, enzi ambapo mwanamke mwigizaji aliitwa majina ambayo mchungaji hataki niyataje hapa. Tuliitazama kwa jirani, kanda ikikwama kila mara. Mama alibaki nyumbani akigonganisha sufuria.

Mwaka 2000 alifunga ndoa na Julius Barasa, mshika taa wa kikundi, wakajaliwa Valary na Kevin. Shemeji husema ilimbidi awe mshika taa, maana mke wake hakukaa mahali pamoja gizani wala mwangani.

Kazi ya sanaa ilipokauka, mwaka 2013 alipitia kwa ajenti akaenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Siku moja madam wake alimkuta akiwaigizia watoto jinsi bibi yao anavyotafuta miwani. "Roza! Yalla, kazi!" "Halas, madam, namaliza," alijibu, na akaendelea mpaka miwani ikapatikana.

Mkataba ulipoisha mwaka 2015 alirudi, akaandaa igizo katika uwanja wa kanisa letu, pua na mdomo na kwetu. Kiti kikawekwa. Mama akachukua jembe akaenda shambani, na ilikuwa Jumapili! Dada yangu alilia siku hiyo, na iliniuma sana. Haukupita muda akaondoka tena, safari hii Jeddah.

Huko, kila Ijumaa aliyopewa ruhusa, alikwenda mtaa wa Ghulail, chumbani kwa rafiki yake Shiro, walikokutana Wakenya. Wageni aliwafundisha kwa kuigiza: yeye madam mkali, wao wakijizoeza kuomba mapumziko bila kutetemeka. Mgeni mmoja, Priscah, alikalia kiti cha plastiki cha mbele.

"Inuka, hapo ni pa Mama."

"Kwani mamako yuko Jeddah?"

"Atakuja tu."

Mwezi Julai 2019 presha ilimpanda, akaanguka akipiga pasi. Alifariki hospitalini Jeddah, Ijumaa tarehe 9 Agosti 2019, Shiro akiwa kando yake. Kumrudisha nyumbani kulituchosha roho. Kila tulipouliza tuliambiwa karatasi bado, mpaka juzi alipofika.

Ameacha mumewe Julius, watoto wake Valary na Kevin, mimi mdogo wake, na Mama. Tulipokuwa tukiandaa programu hii, wajomba walishauri Mama abaki ndani, asilione jeneza, kwa ajili ya umri wake. Mama aliwaka. "Mtoto huyu nimemkimbia miaka yote hii, na kifo hakikunisubiri nimtazame. Leo sikimbii. Wekeni kiti changu mbele."

Kiti kipo pale, karibu na jeneza, na hakuna mwingine atakayekikalia.

Dada, Mama amekuja. Tulia sasa, upumzike kwa amani.