Daktari na Mlango wa Leba

Baada ya miaka thelathini na minne katika hospitali yetu hii ndogo, Daktari wetu anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Wapo wanaomwita Mheshimiwa. Ukimwita hivyo, anakugusa paji la uso kuangalia kama una homa.

Kisa cha uheshimiwa huo nakijua mimi, mkunga aliyefanya naye kazi miaka ishirini na sita. Mlango wa leba ulikuwa mwembamba, machela haipiti. Kila mama mwenye uchungu alishushwa koridoni, akatembezwa hatua nne tukiwa tumemshika kwapani. Mdogo wangu wa kike alianguka hatua ya tatu. Yeye alipona, mtoto hakupona. Siku ile Daktari alilia nasi bila kujificha.

Aliandikia wizara miaka tisa, akajibiwa kila mara kwamba suala linashughulikiwa. Akasema kama barua hazifiki, atajipeleka mwenyewe. Akagombea ubunge, akashinda! Bungeni aliuliza swali moja tu, la mlango, mara sita, hadi wenzake wakambandika jina la Bwana Bawaba. Jibu likawa lilelile. Baada ya miezi kumi na minne alijiuzulu, na mkewe, aliyekwisha kununua mapazia ya mjini, alimnunia wiki nzima.

Alirudi Jumatatu akiwa na suti yake na fundi mwashi. Ukuta ukavunjwa, mlango mpana ukawekwa. Siku mbili tu, jamani! Mpaka leo anajilaumu kwa kungoja ruhusa miaka yote ile, ingawa sote tuliuogopa ukuta wa serikali.

Mengine mnayajua. Mwandiko wake anausoma mfamasia peke yake, na akishona jeraha huimba vibaya kiasi kwamba mgonjwa husahau sindano.

Mwezi uliopita wakarabati wa wizara walituletea mlango mpya wa leba, mwembamba, wa kipimo kilekile cha zamani. Daktari aliupima kwa shubiri, akaupima tena, na chai yake ikapoa mezani. Tulijua anaogopa kuondoka, wasije wakaupunguza mlango wetu akishatoka.

Basi Daktari, zawadi yako ni meza ya sebuleni. Seremala ameitengeneza kwa mlango huo, na mdogo wangu ameipiga msasa kwa mikono yake. Asante kwa kila mama uliyemshika. Uwe na uzee wa raha, wewe na shemeji yetu, na miguu yako uiweke juu ya meza hiyo bila wasiwasi. Ruhusa hatukuomba.